Alunguli: esanse inamiminwa mara ngapi mbele ya kufika ndani ya tangi?

Kindu – Katika komini ya Alunguli, bidoni ya esanse ni kitu cha kila siku. Iko ndani ya mtumbwi, iko juu ya pikipiki, iko nyuma ya mlango wa chumba. Siku nyingi inafika salama, na watu wanasahau wamebeba nini. Lakini kila mara inapofunguliwa na kumiminwa, kidogo kinamwagika na mvuke unatoka. Kufuata njia ya esanse hiyo, toka kwenye pipa hadi kwenye tangi, kunaonyesha pahali hatari inapoingilia, na namna watu wanaweza kuipunguza bila kungojea daraja wala stesheni mpya.

Bidoni inavuka pamoja na watu

Mji wa Kindu una komini tatu. Kasuku na Mikelenge ziko upande wa kushoto wa mto Lualaba, na Alunguli peke yake iko upande wa kuume. Daraja hakuna. Anayetaka kwenda kwenye ofisi za jimbo, uwanja wa ndege ao gari la moshi anapaswa kuvuka maji. Ndiyo maana kila asubuhi kwenye kivuko kunajaa watu: wanafunzi, wamama wa soko, wafanyakazi wa serikali, wagonjwa wanaopelekwa ngambo.

Bidoni nayo inavuka pamoja nao. Mara nyingi ni ile ya njano ya lita 20, iliyokuja kwanza na mafuta ya kupikia. Chini ya kifuniko wametia kipande cha sashe ili isivuje. Mtumbwi ukiyumba, bidoni inalala ubavu, esanse inapenya kwenye ile sashe tone kwa tone, inachanganyika na maji yaliyo chini ya miguu ya watu. Abiria wanasikia harufu, wanaziba pua kidogo, kisha wanaendelea na masimulizi yao. Mbele ya kufika ngambo, mtu anachukua kopo na kutupa yale maji mtoni, pale pale karibu na wamama wanaofua na watoto wanaoteka.

Wengi wanahesabu hiyo harufu kuwa usumbufu mdogo wa safari. Kumbe ni alama kwamba kitu kinachoweza kuwaka kimekwisha kutoka ndani ya bidoni na kiko katikati ya watu.

Kwa nini bidoni

Ni rahisi kusema kwamba watu hawajali. Lakini bila bidoni, kazi nyingi za Alunguli zingesimama. Kindu iko mbali na bandari zote za bahari. Bidhaa zinaingia kwa gari la moshi la SNCC toka upande wa kusini, kwa mto toka Ubundu, ambako boti zinapita mwendo wa karibu kilomita 300, na kwa barabara ambazo wakati wa mvua zinageuka matope. Njia yoyote ile, mwisho wake ni uleule: mtu anabeba esanse mkononi, kichwani ao kwenye pikipiki.

Kuna pia jambo la mfuko. Motari hana franga za kujaza tangi asubuhi. Ananunua lita moja, anabeba wateja, akipata kitu anarudi kununua lita ingine. Mwenye mtumbwi wa mota anafanya vilevile. Mwenye mashini ya kusaga mchele ao muhogo anatafuta mazutu ya siku ile, na mwenye grupe ya kuchaji telefoni anatafuta ya saa mbili tatu. Ndiyo sababu kumekuwa wauzaji wa kando ya barabara, wale ambao Kisangani, Goma na miji mingine wanaitwa Kadafi, kwa jina la yule rais wa zamani wa Libya, nchi ya mafuta. Meza yao ina chupa chache, faneli moja na kipande cha mpira. Wanafanya kazi ambayo stesheni haifanyi: kuuza kidogo, karibu na nyumba, hata usiku.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni namna gani bidoni itumike bila kumwaga, maana kuiondoa hakuwezekani kwa sasa.

Mbandaka na Sange: moto ulitoka wapi

Tarehe 15 Aprili 2025, boti kubwa ya mbao, aina ile inayoitwa balenieri, ilishika moto karibu na Mbandaka, jimbo la Equateur, pale mto Ruki unapoingia katika mto Kongo. Jina lake lilikuwa HB Kongolo na ilikuwa imebeba mamia ya watu. Siku chache baadaye, hesabu ya maiti iliyotangazwa ilikuwa imepita 140. Kufuatana na maelezo yaliyotolewa na wabunge wa kule, mama mmoja aliwasha makaa kwa kupika, na karibu na makaa yale kulikuwa mafuta ya mota. Mafuta yakalipuka. Wengi waliruka majini bila kujua kuogelea.

Huku mashariki watu wanakumbuka Sange, kati ya Uvira na Bukavu. Tarehe 2 Julai 2010, lori la esanse lilianguka katikati ya kijiji. Watu walikuja na bidoni, mabeseni na vikopo kuchota. Moto ulipowaka, uliwakuta wachotaji, lakini uliingia pia ndani ya nyumba na vibanda ambamo watu walikuwa wanaangalia mpira, maana zilikuwa siku za Kombe la Dunia. Watu zaidi ya 230 walikufa. Tanzania nayo ilipata msiba wa namna hiyo Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, na watu zaidi ya 100 wakafa.

Misiba hiyo haifanani kwa ukubwa na bidoni moja ya Alunguli. Lakini njia ya moto ilikuwa moja: esanse ilitoka ndani ya chombo chake, mvuke ukatembea, ukakuta moto ambao mtu mwingine aliwasha kwa kazi yake ya kawaida. Yule mama wa Mbandaka alikuwa anapika tu, kama vile wamama wanavyopika ndani ya boti zote zinazopanda na kushuka mto.

Mvuke unaotembea chini

Wengi wanafikiri kwamba kinachowaka ni yale maji ya esanse. Kwa kweli kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Hapa ndipo tofauti kati ya mafuta inapoonekana. Mazutu inaanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka ikipita digrii 50 za joto. Petroli ya taa inaanza karibu na digrii 38. Esanse inaanza hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Kindu haijaona baridi ya namna hiyo hata siku moja. Maana yake, esanse ya Alunguli iko tayari kuwaka saa yote, mchana na usiku, kwenye jua na kwenye mvua.

Jambo la pili: mvuke ule ni mzito, mara tatu hadi nne kuliko hewa. Haupandi juu sawa moshi. Unashuka, unatambaa chini, unajaza shimo, unakaa sakafuni. Mbabula iliyo mita kadhaa kutoka kwenye bidoni inaweza kuuvuta moto hadi kwenye bidoni yenyewe. Mtumbwi nao ni sawa beseni: mvuke ukiingia chini, haupati pa kutokea. Dereva akivuta kamba ya mota wakati ule, cheche moja inatosha.

Ndiyo maana kumimina ni hatari kuliko kubeba. Bidoni iliyofungwa vizuri inashika mvuke ndani yake. Ikifunguliwa, mvuke unatoka hata kama hakuna tone lililomwagika.

Kuhesabu mimino

Mtu akifuata lita moja ya esanse toka ilipofika Kindu, ataona inapita mikono mingi. Kwanza inatoka kwenye pipa kuingia bidoni ya lita 20, mara nyingi kwa mpira unaovutwa na mdomo. Kisha inatoka bidoni kubwa kuingia kibidoni cha lita 5. Toka pale inaingia kwenye chupa ya plastiki ya mezani. Mwishowe inapita kwenye faneli kuingia tangi ya pikipiki. Ile ya mtumbwi inaongeza hatua ingine, kwa sababu mota nyingi zinataka esanse ichanganywe kwanza na mafuta ya mota. Hapo ni mimino minne ao mitano.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme katika kila mmimino wa bidoni moja, kunapotea nusu ya glasi, yaani sentilita 10. Kwa mimino mitano, nusu lita imepotea. Muuzaji anayemaliza bidoni mbili kwa siku amepoteza lita moja. Kwa mwezi wa siku 30, ni lita 30, bidoni moja na nusu. Feza ile imekunywa na udongo, nguo na mto. Hakuna mtu aliyemwiba, na hakuna mtu atakayemrudishia.

Basi kupunguza mimino kunasaidia pande mbili: usalama na mfuko. Muuzaji anaweza kuacha kujaza chupa za mezani mapema, akamimina moja kwa moja toka kwenye kibidoni chenye alama za lita. Chupa moja tupu mezani inatosha kuonyesha kwamba esanse iko. Chupa zilizojaa zikikaa juani zinavimba, kifuniko kinalegea, na mtoto akipita anaweza kudhani ni juisi.

Mwenye mtumbwi naye ana njia yake. Mota nyingi za boti zinakuja na tangi ya kubebwa, yenye mpira wake wa kuunganisha na mota. Tangi ile inaweza kupelekwa kwa muuzaji, ikajazwa chini kwenye nchi kavu, mafuta ya mota yakachanganywa humo humo, kisha ikarudishwa na kuunganishwa. Mmimino wa ndani ya mtumbwi, ule wa hatari kuliko yote, unakuwa umeondolewa.

Kuchagua bidoni

Jina jerikani, ambalo watu wa Tanzania na Kenya wanatumia, lina historia yake. Bidoni ya chuma ya lita 20 ilitengenezwa Ujerumani miaka ya 1930 kwa kazi ya jeshi. Waingereza waliokutana nayo wakati wa vita kuu ya pili waliiita kwa lile jina la utani walilowapa Wajerumani, Jerry. Waliipenda kwa sababu ilikuwa na mambo matatu: vishikio vitatu ili watu wawili waweze kuibeba, kifuniko kinachobana bila sashe, na nafasi ya hewa iliyobaki juu hata ikijazwa, ili mafuta yakipata joto yasipasue chombo.

Bidoni ya njano ya mafuta ya kupikia haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mafuta ya kupikia hayatoi mvuke na hayasukumi kifuniko. Mwenye uwezo wa kupata bidoni iliyotengenezwa kwa esanse, ya plastiki nzito ao ya chuma, afadhali anunue hiyo moja kuliko tatu za njano. Asiye na uwezo anaweza kuchagua vizuri kati ya zile zinazopatikana sokoni, akiangalia mambo haya:

- Ukuta wa bidoni uwe mgumu. Ukiibonyeza kwa kidole gumba na inaingia ndani kwa urahisi, imekwisha kulainika.
- Kishikio kisiwe na ufa. Pale kishikio kinapoungana na mwili ndipo bidoni nyingi zinapopasukia.
- Kifuniko kiwe cha kuzungusha, chenye mpira ndani, na meno yake yasiwe yameliwa. Kipande cha sashe hakiwezi kushika pahali pa mpira kwa muda mrefu, maana esanse inakilainisha.
- Mbele ya kuitumia, inajazwa maji, inafungwa, inalazwa ubavu juu ya udongo mkavu kwa muda wa nusu saa. Udongo ukilowa, hiyo bidoni si ya esanse. Isipovuja, inakaushwa kabisa kabla ya kutiwa esanse.
- Bidoni ya chuma iangaliwe kutu ndani, kwa sababu vumbi la kutu linaziba kabureta.

Bidoni iliyokubaliwa inapakwa rangi nyekundu, ao inachorwa msalaba mkubwa pande zote, na toka siku ile haibadilishi kazi. Haitatiwa maji ya kunywa, wala mawese, wala kasiksi. Kuisafisha na sabuni hakuondoi esanse iliyokwisha kuingia ndani ya plastiki. Katika nyumba nyingi bidoni za njano zinafanana zote, na ni mtoto ndiye anayetumwa kuzijaza. Alama ile inamlinda yeye kwanza.

Kujaza nako kuna kipimo. Esanse inapanuka ikipata joto: katika lita 20, kila digrii 10 zinaongeza karibu glasi moja. Bidoni iliyojazwa hadi shingoni asubuhi kwenye ubaridi itatafuta pa kutokea saa sita kwenye jua. Lita 19 ndani ya bidoni ya 20 zinatosha. Uzito wake tayari ni karibu kilo 14, na motari anayeubeba kati ya miguu yake, karibu na mota ya moto, anajiweka pahali pabaya. Nyuma, imefungwa na kamba ya mpira, imesimama na kifuniko kikiangalia juu, inasafiri vizuri zaidi.

Namna ya kumimina

Mafundi wa mota wanajua jambo moja ambalo wengi hawalijui. Bidoni ambayo mdomo wake uko pembeni, mtu akiiinamisha na mdomo ukiwa upande wa chini, hewa inakosa pa kuingilia. Bidoni inaanza kukoroma, glu-glu, na esanse inatoka kwa kuruka. Ikigeuzwa ili mdomo uwe upande wa juu, hewa inaingia wakati uleule esanse inatoka, na inateremka pole pole bila kuruka. Ni bidoni ileile, na esanse ileile, lakini matone yaliyokuwa yakianguka mguuni hayaanguki tena.

Faneli iwe na mdomo mpana na iingie vizuri ndani ya tangi. Ile ya chupa ya plastiki iliyokatwa inafanya kazi, mradi ishikwe na mtu wa pili ili isianguke. Mota izimwe na ingojewe ipoe kidogo, hasa kwa grupe, ambayo watu wanapenda kuijazia ikiendelea kunguruma ili mpira ao filamu isikatike. Mwangaza uwe wa tochi ao wa telefoni, usiwe wa mshumaa wala kiberiti. Sigara ikae mbali.

Bidoni ya plastiki inapojazwa kwenye stesheni ao toka kwenye pipa, iwekwe chini, juu ya udongo. Ikiwa juu ya pikipiki, ao juu ya plastiki ndani ya gari, umeme mdogo unaotokana na msuguano unaweza kujikusanya na kutoa cheche. Ikiwa chini, umeme huo unapata nafasi ya kwenda ardhini.

Juu ya kuvuta na mdomo, waganga wanasema jambo lilelile kila siku: esanse ikiingia kwenye mapafu, hata kidogo, inayachoma. Mpira wenye pampu ndogo ya mkono unafanya kazi ileile. Mtu aliyemeza hapaswi kutapishwa, wala kupewa maziwa ao mawese kama vile wengi wanavyofanya, kwa sababu akitapika, esanse inapata njia ya pili ya kuingia mapafuni. Apelekwe kwenye kituo cha afya mbio, hasa akianza kukohoa.

Ndani ya mtumbwi, bidoni zisimame nyuma pamoja, zimefungwa, zimekingwa ili zisianguke, na kati yao na abiria kuwe nafasi. Mbabula iliyowaka isipande, hata kama mwenyewe anasema makaa yamekwisha kuwa majivu. Tangi ya mota ijazwe mbele abiria hawajaingia. Esanse ikimwagika chini, inafutwa na kitambaa ao unga wa mbao, na mota haivutwi mpaka harufu ipungue. Ndoo moja ya mchanga karibu na dereva haigharimu kitu, maana mchanga uko pale pale ukingoni. Maji hayazimi moto wa esanse: esanse inaelea juu yake, na moto unafuata maji yanapokwenda. Mchanga ao blanketi lililolowa unafunika moto na kuunyima hewa.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, na nguo iliyolowa esanse iondolewe, isipokuwa kama imeshikamana na ngozi. Dawa ya meno, mawese na majivu yanafunika kidonda na kuleta uchafu ndani yake.

Neno moja, mafuta mawili

Kuna hatari nyingine inayotoka kwenye lugha. Alunguli, kama vile kote mashariki mwa Kongo, mtu akisema petroli, anataka kusema mafuta ya taa. Tanzania na Kenya, petroli ni esanse, na ya taa inaitwa mafuta ya taa. Mzigo unaotoka upande wa Tanzania ukiandikwa petroli, ndani yake ni ile ya pikipiki. Mtu akiitia ndani ya taa, ao muuzaji akichanganya kidogo ili apate faida, taa inaweza kulipuka mbele ya watoto wanaosoma.

Bidoni za petroli na za esanse zinapaswa kukaa mbali, na kila moja kuwa na faneli yake. Esanse kidogo iliyobaki kwenye faneli inatosha kuharibu chupa nzima ya petroli. Mnunuzi naye aulize kwa majina mawili: hii ni ya taa ao ya pikipiki? Harufu ya esanse ni kali na inapanda haraka, ile ya petroli ni nzito. Mwenye shaka asiiwashe.

Kukataza peke yake hakutoshi

Katika miji mingi ya nchi, viongozi wanatoa mara kwa mara amri ya kukataza uuzaji wa esanse kando ya barabara. Sababu zao ni za kweli: meza za esanse zinakaa karibu na soko, na wamama wanaokaanga mandazi wako mita chache tu. Lakini pahali wauzaji wamefukuzwa bila kupewa pa kwenda, biashara haikufa. Iliingia ndani ya nyumba, inafanyika usiku, na bidoni zinalala kwenye chumba kimoja na watoto na mbabula. Meza iliyoonekana na watu wote imegeuka stoo isiyojulikana na mtu.

Njia ya katikati iko. Komini inaweza kuonyesha pahali maalumu pa kuuzia, mbali na moto wa soko na mbali kidogo na maji, kila meza ikiwa na ndoo ya mchanga. Kwenye kivuko, wenye mitumbwi wanaweza kukubaliana kati yao kwamba bidoni ya esanse inavuka katika safari yake, ao nyuma kabisa ikiwa imefungwa na kukaguliwa kifuniko, na kwamba bidoni yenye sashe haipandi. Mashirika ya wamotari yanaweza kuzungumza na wauzaji juu ya kibidoni chenye alama. Hakuna hata moja katika hayo linalongojea feza toka Kinshasa.

Kinacholeta ugumu ni kwamba kila mtu katika ule mnyororo anapata hasara kidogo tu kwa siku, nusu glasi huku, nusu glasi kule, na hasara ndogo haimsukumi mtu kubadilisha kazi yake. Abiria wa mtumbwi ndiye anayebeba hatari kubwa bila kupata faida yoyote katika esanse ile. Ni haki yake, mbele ya kulipa nauli, kuuliza bidoni iko wapi, kifuniko chake ni cha namna gani, na kama kuna mbabula iliyowaka ndani. Dereva mwenye bidoni nzuri hatakasirika kuulizwa. Na yule anayekasirika, abiria anaweza kungojea mtumbwi unaofuata.